Filamu za kutisha nje ya orodha za kawaida: shika uzi, kagua nakala

Swali la msomaji: "Nimemaliza filamu za kutisha zinazotajwa kila mahali, za Marekani na za Korea. Sasa nataka zile za ajabu, za nchi nisizozizoea, hata za zamani. Lakini kila orodha ninayofungua inarudia majina yaleyale ishirini. Nikibahatika kupata kitu kipya, ama picha ni mbovu, ama manukuu hayaendani na midomo, ama nasikia baadaye kwamba niliyoitazama ilikatwa. Nianzie wapi, na nitajuaje kwamba niliyo nayo ndiyo yenyewe?"

Jibu:

Orodha zinafanana kwa sababu waandishi wake wanachota kisima kimoja: filamu zilizonunuliwa na wasambazaji wachache, zikawekewa manukuu ya Kiingereza, zikauzwa. Orodha ya namna hiyo inakuonyesha kilichosambazwa, na kilichotengenezwa ni kingi kuliko hapo. Kwa hiyo acha kutafuta "filamu mia bora za kutisha". Shika uzi mmoja kutoka kwenye filamu uliyokwisha kuipenda, uufuate mpaka ukatike, kisha shika mwingine.

Shida yako ya pili, ya nakala, imetoka tumbo moja na ya kwanza. Filamu hizi zilibadilishwa majina kila zilipovuka mpaka, zikakatwa na wadhibiti, zikafupishwa na wauzaji, na ndiyo maana zimefichika. Anayejua jina la asili, mwaka na urefu wa filamu amemaliza nusu ya kazi ya kuitafuta.

Uzi wa kwanza ni mtu. Wengi humfuata mwongozaji peke yake, halafu hukwama filamu zake zikiisha. Soma majina ya watengenezaji hadi chini: mtunzi wa muziki, mwandishi wa skripti, mpiga picha. Chukua Kwaidan ya Masaki Kobayashi (1964), hadithi nne za mizimu ya Kijapani. Muziki wake, wenye ukimya mrefu unaokatwa na milio kama ya mbao zinazopasuka, ni wa Toru Takemitsu. Mfuate Takemitsu utafika kwa Hiroshi Teshigahara: Otoshiana (1962), Suna no onna (1964) na Tanin no kao (1966), zote tatu zikiwa zimeandikwa na Kobo Abe. Ya kwanza ina mzimu wa mchimba makaa asiyejua kwa nini aliuawa. Ya pili inamfungia mwanamume ndani ya shimo la mchanga pamoja na mwanamke anayeuchota kila usiku usiwafukie. Hakuna duka ambalo lingeziweka kwenye rafu ya "kutisha", na hakuna orodha ya kutisha ambayo ingekufikisha huko. Mtunzi wa muziki amekufikisha kwa hatua moja.

Jaribu hivyohivyo kwa kikundi cha Goblin cha Italia. Utatoka Profondo rosso (1975) na Suspiria (1977) za Dario Argento uingie Buio Omega ya Joe D'Amato (1979) na Contamination ya Luigi Cozzi (1980). Hapa nikuonye: Buio Omega ni kali kweli, inahusu kijana anayeuhifadhi mwili wa mchumba wake, na muziki mzuri hautaupunguza ukali huo.

Uzi wa pili ni nchi pamoja na muongo. Filamu za kutisha huja kwa mafuriko, na kila furiko lina chanzo: sheria imelegea au imekaza, mashine mpya imeingia, fedha imepatikana pasipotarajiwa. Ukikijua chanzo unajua pa kuchimba. Hispania ya dikteta Franco haikutaka jinamizi liwe Mhispania, ndiyo maana Waldemar Daninsky, mtu anayegeuka mbwamwitu aliyechezwa na Paul Naschy kuanzia La marca del hombre lobo (1968), ni Mpolandi. La residencia ya Narciso Ibáñez Serrador (1969), ya bweni la wasichana linaloficha mauaji, nayo ikahamishiwa Ufaransa. Ukilijua hilo utaanza kuzisoma filamu za Kihispania za miaka ile kwa jicho jingine: nchi ya mbali iliyomo kwenye hadithi mara nyingi ni nyumbani kwao kuliko wanavyokiri.

Chekoslovakia ilitoa Spalovač mrtvol ya Juraj Herz (1969), ya mchoma maiti mwenye adabu nyingi anayeingizwa polepole kwenye unazi, na Valerie a týden divů ya Jaromil Jireš (1970), ndoto ya msichana yenye makasisi na wanyonya damu. Ya Herz iliondolewa kwenye majumba ya sinema na ikafungiwa mpaka utawala ulipoanguka mwaka 1989. Hong Kong ilianzisha mwaka 1988 daraja la tatu la filamu, la watu wazima tu, na watengenezaji wakaligeuza tangazo la biashara. Nigeria ilipata kanda ya VHS: Living in Bondage (1992), ya mtu anayemtoa mkewe kafara apate utajiri kisha mzimu wake ukamwandama, iliuzwa moja kwa moja kwa watazamaji bila kupitia jumba la sinema, na nyingi zilizofuata zilipita njia hiyohiyo.

Hata orodha za marufuku ni ramani. Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ofisi ya mwendesha mashtaka wa umma ilikuwa na orodha ya filamu za video zilizodaiwa kuwa chafu; kwa jumla zilifika 72. Tenebre ya Argento (1982) imo, na Possession ya Andrzej Żuławski (1981), ambayo ilimpa Isabelle Adjani tuzo ya mwigizaji bora wa kike kule Cannes, nayo imo. Usizitazame zote 72. Nyingi ni dhaifu, na zimebaki kukumbukwa kwa sababu ya marufuku pekee.

Uzi wa tatu, ambao mimi naupenda kuliko yote, ni kiumbe. Kuna kichwa cha mwanamke kinachochomoka shingoni usiku na kuruka huku matumbo yakining'inia. Bali wana leyak wao, Malaysia huita penanggalan, Thailand krasue. Ufilipino wana manananggal, anayekatika kiunoni. Fuata kiumbe hicho na utapita nchi tatu bila kufungua orodha yoyote: Mystics in Bali ya H. Tjut Djalil (1981), sehemu ya Peque Gallaga ndani ya Shake, Rattle & Roll ya Ufilipino (1984), na Inhuman Kiss ya Thailand (2019), inayomfanya krasue kuwa msichana wa kuhurumiwa. Mizimu mingine ina pengo la kusikitisha. Pontianak ya B.N. Rao (1957), iliyoanzisha mkondo mzima wa filamu za Kimalay za mzimu huo wa kike, haijulikani nakala yake iko wapi, basi usipoteze wiki ukiitafuta. Nenda moja kwa moja kwenye Sumpah Pontianak (1958). La Llorona nayo, mama anayelilia watoto wake, ina filamu ya Mexico ya 1933 na ya Guatemala ya Jayro Bustamante (2019), ambamo mlio wake unamfuata jenerali aliyeua watu wa Kimaya. Zitazame mbili hizo wiki moja.

Afrika husahauliwa na waandishi wa orodha, ingawa kuna mengi. Les Saignantes ya Jean-Pierre Bekolo wa Cameroon (2005) ni ya wasichana wawili, maiti ya kigogo na jiji la usiku lenye rangi za sumu. Saloum ya Jean Luc Herbulot (2021) inaanza kama filamu ya mamluki kisha inabadilika katikati, huko Senegal kwenye mikoko. Mlungu Wam ya Jenna Cato Bass (2021) inaiweka hofu ndani ya nyumba ya tajiri jijini Cape Town, mikononi mwa mfanyakazi wa ndani. Na Who Killed Captain Alex? ya Nabwana I.G.G. wa Uganda (2010) haitishi kabisa, ni mapigano na vichekesho, ila ni filamu yenye wafuasi sugu kwa maana kamili. Itazame ikiwa na sauti ya VJ Emmie, msimulizi mchekeshaji, juu ya picha. Ndiyo namna inavyopatikana, na yeye ni nusu ya raha yake.

Sasa pa kutafutia. Fungua ratiba za matamasha: Sitges kule Catalonia (tangu 1968), Brussels (tangu 1983), Fantasia ya Montreal (tangu 1996), Bucheon ya Korea Kusini (tangu 1997), na kipengele cha Midnight Madness cha tamasha la Toronto (tangu 1988). Usianze na ratiba ya mwaka huu, kwa kuwa filamu zake hazijafika popote. Chukua ya miaka minane au kumi iliyopita. Ruka washindi, soma vipengele vya pembeni na vile vya kumbukumbu ya filamu za zamani.

Pili, soma katalogi za kampuni zinazorudisha filamu kwenye diski, hata kama huna nia ya kununua. Mondo Macabro inashughulika na Asia, Uturuki na Amerika ya Kusini. Second Run na Deaf Crocodile zina mengi ya Ulaya ya Kati na Mashariki. Severin, Arrow na Vinegar Syndrome zina hifadhi kubwa. Ukurasa wa kila diski unakupa jina la asili, urefu, lugha na umbo la picha, yaani vipimo vyote utakavyovihitaji baadaye kukagua nakala.

Tatu, kwenye Letterboxd, mtandao wa wapenzi wa filamu, usitafute kwa nyota. Chuja kwa nchi, muongo na aina kwa pamoja, kisha fungua filamu moja ngeni na uangalie imo kwenye orodha za nani. Ukiona orodha ya mtu asiye maarufu iliyobeba filamu hiyo pamoja na nyingine mbili unazozipenda, umempata mwenzako. Soma orodha zake zote.

Za bure na za halali zipo pia. Korean Film Archive, hifadhi ya taifa ya Korea Kusini, ina chaneli ya YouTube yenye filamu nyingi za zamani pamoja na manukuu. Studio ya Mosfilm ya Urusi inafanya vivyo hivyo kwa filamu zake. Internet Archive ina zile zisizo na hakimiliki Marekani. Night of the Living Dead (1968) iliangukia humo kwa kosa dogo: jina la filamu lilibadilishwa dakika za mwisho, na tangazo la hakimiliki lililokuwa kwenye jina la zamani likasahauliwa. Kwa sababu hiyo kila mtu anaweza kuitoa, na nakala nyingi ni za kijivu, zilizofifia; tafuta ile iliyotokana na ukarabati wa mwaka 2016.

Kukagua nakala kuna mambo manne, na la kwanza ni jina. Reazione a catena ya Mario Bava (1971) imeuzwa pia kama Ecologia del delitto, A Bay of Blood na Twitch of the Death Nerve. Ukitafuta kwa jina moja utakosa nakala zilizotajwa kwa mengine, au utainunua mara mbili. Andika jina la asili na mwaka, tena kwa herufi za lugha yenyewe ukiweza. Mwaka ni lazima: Pengabdi Setan ipo ya 1980 ya Sisworo Gautama Putra na ya 2017 ya Joko Anwar, Hanyeo ipo ya 1960 na ya 2010.

La pili ni urefu, na hapa ndipo wengi hukosea. Filamu hupigwa kwa picha 24 kila sekunde. Mfumo wa televisheni wa PAL huendesha picha 25, hivyo filamu ileile inakwenda haraka kwa takriban asilimia 4. Kabla ya kusema nakala imekatwa, zidisha urefu kamili kwa 0.96. Profondo rosso ya Kiitaliano ni kama dakika 127. Kwa PAL itasoma kama 122, na hakuna kilichopotea. Ukikuta ya dakika 105 hivi, hilo ni toleo la kuuzia nje, na zaidi ya dakika ishirini hazimo. Possession ni dakika 124, lakini Marekani ilitolewa mwaka 1983 ikiwa kama dakika 81, imepangwa upya kiasi kwamba ni filamu nyingine. Hesabu hii haifai kwa filamu za kimya kama Häxan (1922), maana zilipigwa na kuonyeshwa kwa kasi mbalimbali. Tofauti ya dakika ishirini huenda ni ya kasi tu.

Wala usidhani toleo refu ndilo bora. Dawn of the Dead (1978) ina toleo la Marekani la dakika 127, la Argento kwa Ulaya la kama dakika 119, na refu la dakika 139 lililoharakishwa kwa ajili ya Cannes. George Romero mwenyewe alilipenda lile la 127.

La tatu ni umbo la picha. Filamu iliyopigwa pana, 2.35 kwa 1, ikikatwa ijae televisheni ya zamani ya 1.33 inapoteza karibu asilimia 43 ya picha. Dalili yake: majina ya mwanzoni yanaonekana yote, kisha hadithi ikianza wazungumzaji wanabaki pua na sikio pembezoni. Siku hizi kuna dhambi ya kinyume pia, filamu ya 1.33 kukatwa juu na chini ijae skrini pana, na robo ya picha inaondoka. Mistari myeusi pembeni ni dalili njema, iache. Zima pia ule ulainishaji wa mwendo kwenye televisheni, unaofanya kila filamu ionekane kama tamthilia ya mchana, na usiongeze mwanga ili uone gizani. Giza limewekwa makusudi.

Tena si kila dosari ni ya nakala yako. Hanyeo ya Kim Ki-young (1960) ilipatikana negativu yake, yaani mkanda wake wa asili, ikiwa imepungukiwa na vipande viwili. Pengo lilizibwa kwa nakala ya maonyesho iliyokuwa na manukuu ya Kiingereza yaliyoandikwa kwa mkono, yakafutwa kwa kompyuta katika ukarabati wa 2008. Picha inachujuka ghafla katika sehemu hizo mbili. Endelea kutazama.

La nne ni sauti na manukuu. Kwa filamu za Kiitaliano za miaka ya 1960 na 1970 usihangaike kutafuta "sauti ya asili": waigizaji walizungumza kila mmoja lugha yake, na sauti zote ziliingizwa studio baadaye, Kiitaliano nacho kikiwemo. Katika Suspiria Kiingereza kina haki yake, kwani Jessica Harper anasikika kwa sauti yake mwenyewe. Ila ukisikiliza Kiitaliano, hakikisha manukuu yametafsiriwa kutoka Kiitaliano. Ukiona maandishi yanafanana neno kwa neno na sauti ya Kiingereza ilhali wewe unasikiliza Kiitaliano, yamenakiliwa kutoka kwenye toleo la Kiingereza, na maana nyingi zimepotea.

Faili la manukuu lipe jina sawa na la video, likiwa la .srt, lihifadhiwe kwa mfumo wa herufi wa UTF-8, la sivyo herufi zenye alama zitageuka takataka. Kisha tazama kosa ni la aina gani. Manukuu yakichelewa au kuwahi kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, yasogeze tu: katika VLC, programu ya kuchezea video, kwenye kompyuta ya Windows, H huyachelewesha na G huyawahisha, milisekunde 50 kila unapobonyeza. Yakianza sawa halafu yakazidi kukimbia mbele, yametengenezewa nakala ya picha 25 na yako ni ya 24. Kwenye dakika ya 90 yatakuwa yametangulia kwa zaidi ya dakika tatu na nusu. Kusogeza hakutasaidia. Fungua programu ya Subtitle Edit ubadilishe kasi kutoka 25 kwenda 23.976, ambayo ndiyo 24 ya video nyingi. Na yakiwa sawa kwa nusu saa kisha yakaruka ghafla, hiyo ndiyo taarifa muhimu kuliko zote: nakala yako na ile ya mtengeneza manukuu si toleo moja, kuna kipande kimeondolewa hapo. Rudi kwenye urefu.

Ukinunua diski, angalia kanda. Blu-ray ya kanda A ni ya Amerika, Japani, Korea na Kusini-Mashariki mwa Asia. B ni ya Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Australia. C ni ya China, Urusi na India. Diski za 4K hazifungwi kwa kanda, lakini Blu-ray inayoambatana nayo ndani ya boksi inaweza kufungwa.

Jambo moja kuhusu ukali. Katika baadhi ya filamu za Kiitaliano za wala watu, Cannibal Holocaust (1980) ikiwa mfano unaojulikana zaidi, wanyama waliuawa kweli mbele ya kamera. Tovuti ya Does the Dog Die inaorodhesha mambo kama hayo filamu kwa filamu. Ikague kwanza, kutoitazama filamu fulani hakukupunguzii lolote kama mtazamaji.

Kwa mwezi wako wa kwanza nakupangia hivi. Anza na Carnival of Souls ya Herk Harvey (1962), haina hakimiliki na ni fupi. Halafu Viy ya Konstantin Yershov na Georgi Kropachyov (1967), kutoka hadithi ya Gogol, dakika 77 tu, na robo saa yake ya mwisho itakulipa uvumilivu wote. Kisha Hanyeo ya 1960. Kisha Hausu ya Nobuhiko Obayashi (1977), dakika 88, ambayo mawazo yake mengi yalitoka kwa binti yake Chigumi aliyekuwa mtoto. Usiitazame umechoka, na usiitazame kwa kudhihaki, kwa sababu chini ya rangi zile kuna huzuni ya vita. Malizia na Kwaidan. Ni dakika 183, basi itazame hadithi moja kila usiku kwa usiku nne.

Baada ya kila moja andika mstari mmoja: jina la asili, mwaka, urefu wa nakala uliyoitazama, na majina mawili ya kufuata. Kwenye mstari wa Viy andika Aleksandr Ptushko. Ndiye aliyesimamia viumbe vya robo saa ile ya mwisho, na filamu zake mwenyewe, ukianza na Sadko (1953), ndizo zinazofuata.